Sanamu mama: jinsi ya kuanza kazi ya kuchonga wanasesere na seti za sanamu ukiwa Tabora

Watoto wa Unyamwezi tumekua tukifinyanga ng'ombe. Udongo wa kichuguu, maji kidogo, miba miwili ya pembe, na jioni unakuwa na zizi zima linakauka juu ya bati. Asubuhi nusu yao wamekatika miguu. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kufinyanga viumbe wa aina ile, na kwamba walichonizidi kilikuwa kwenye miguu: wao huwaza itakatikia wapi kabla hawajaloweka udongo.

Mchongaji wa wanasesere hutengeneza kitu kimoja tu, nitakachokiita sanamu mama. Kutokana nayo hutengenezwa kalibu, na kalibu huzaa nakala: mia za rezini (kimiminika kinachoganda kikawa kigumu) kwa fundi mdogo, malaki za plastiki kwa kiwanda. Mnunuzi haioni sanamu mama. Hata wewe ukishaituma mara nyingi huioni tena. Kwa hiyo kila unachofinyanga lazima kiweze kukatwa, kuingia kwenye kalibu na kutoka salama. Nimeona vijana wenye mkono wa ajabu wakikwama hapo, na wenye mkono wa kawaida wakipata kazi mwaka mzima.

Kazi hii ina pande mbili. Upande mmoja ni wanasesere wa viwandani, wale wa plastiki wenye viungo vinavyozunguka. Wengi hutengenezwa China, hasa Guangdong. Chenghai, huko Shantou, inaishi kwa vitu vya kuchezea kama Urambo inavyoishi kwa tumbaku. Upande wa pili ni sanamu zinazouzwa vipande vipande ili mnunuzi aunge na kupaka rangi mwenyewe. Neno la wenyewe, "kit", likitamkwa Kiswahili linageuka kiti cha kukalia, kwa hiyo nitaita seti. Japani watu walianza kumwaga seti za rezini nyumbani kwao miaka ya 1980, na hadi leo wanakusanyika kuuziana kwenye tamasha la Wonder Festival. Mtu wa Tabora aanzie upande huu wa seti, maana hauhitaji kalibu ya chuma.

Kwanza, amua kimo

Sanamu hupimwa kwa uwiano. Mtu wa sentimita 174 akichongwa kwa 1:6 anakuwa na sentimita 29, karibu kimo cha mwanasesere wa kijeshi G.I. Joe ambaye Hasbro walianza kumuuza Marekani mwaka 1964. Kwa 1:12 anakuwa sentimita 14.5. Kwa 1:35, uwiano wa wapenzi wa vifaru vya kivita, anakuwa sentimita 5 tu, na pua yake unaichonga kwa sindano.

Anza na 1:12. Mtu mzima ana kimo cha vichwa saba na nusu hivi, kwa hiyo kichwa cha sanamu yako kitakuwa milimita 19. Mchore mbele, ubavuni na nyuma kwa kimo kamili, ubandike ukutani, na kila kipande kipimwe juu ya mchoro huo. Wachongaji wa zamani wa viwandani walichonga sanamu kwa ukubwa mara mbili, kisha mashine ya pantografu ikainakili kwa udogo. Sisi hatuna mashine hiyo, tuna macho.

Mfano wangu humu utakuwa mrina asali: mtu aliyejining'iniza kwenye tawi, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine kienge, yaani mwenge wa kufukuzia nyuki, na mbele yake mzinga wa gome. Nilimchagua kwa sababu ana kila kitu kigumu, yaani kamba, vidole, gome na moto. Moshi niliuacha. Hakuna kalibu inayotoa moshi. Mnunuzi abandike pamba akitaka.

Nta

Hapa ndipo tunapowazidi watu wa miji mikubwa. Wachongaji wa wanasesere ng'ambo wametumia nta kwa miongo mingi, kwa sababu inashika mstari mkali kuliko udongo, inasuguliwa ikawa laini kama kucha, na kosa hurekebishwa kwa ncha ya moto. Wao hununua vipande vilivyochanganywa tayari. Sisi nta inapita mlangoni. Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, kote kuna warina, na wengi wakishauza asali hubaki na masega.

Chemsha masega kwa maji, chuja kwa kitambaa kigumu, acha ipoe usiku kucha. Nta huelea na kuganda juu, uchafu unashika upande wake wa chini. Kwangua huo upande, rudia mara mbili tatu.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulegea mapema zaidi. Mwezi wa kumi, kwenye chumba cha bati kisicho na dari, ikifika saa nane mchana vidole vya sanamu vinainama vyenyewe. Kwa hiyo usiitumie peke yake. Kipimo changu ni sehemu tatu za nta, mbili za mshumaa mweupe, na moja na nusu ya poda ya talki. Mshumaa huongeza ugumu, lakini ukizidi nta inamegeka kama chaki. Poda inafanya kisu kipite bila kunata. Kisha tia chembe za rangi ya unga, ile wanayochanganya kwenye sakafu za simenti, mpaka nta isipitishe mwanga. Nta ya njano tupu inadanganya: huoni kivuli cha pua, unachonga tundu refu ukidhani bado hujafika.

Yeyusha kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Usiiweke juu ya mkaa moja kwa moja. Ikishika moto ifunike; usiimwagie maji, italipuka kama mafuta ya maandazi.

Vifaa usinunue. Spoki tatu za baiskeli, uzigonge ncha: moja iwe kama jani, moja ndoano, moja mviringo. Kwa moto, kibatari cha mafuta ya taa hakifai, kwa sababu masizi yake yakiingia kwenye nta hayatoki. Tengeneza taa ya spiriti kwa kichupa kinene cha kioo chenye mfuniko wa chuma na utambi wa pamba. Unapasha spoki sekunde mbili, unagusa nta, unafuta spoki, unapasha tena. Siku nzima inakwenda hivyo hivyo, na shingo itauma. Inua meza mpaka sanamu iwe usawa wa kidevu.

Mifupa na nyama

Chukua waya wa kufungia nondo, usokote uwe wa nyuzi mbili, uupinde juu ya mchoro. Waya usipite mahali unapokusudia kukata. Kila mkono uwe na waya wake, kila mguu wake, na kichwa kiwe na kijiti chake cha kushikia. Wengi hufunga mtu mzima kwa waya mmoja kama mshikaki, halafu siku ya kukata wanavunja kila kitu kwa plaizi.

Lainisha nta kwenye maji ya moto, jaza uzito kwanza, usiguse uso. Mtu aliyening'inia bega moja liko juu, jingine limeshuka, kiuno kimevutwa upande wa kamba. Ukimfinyanga amesimama wima kisha ukamwinua mikono, atafanana na mtu aliyekamatwa na polisi.

Kabla hujaenda mbali, mpelekee mwenye kazi yake aione. Mrina wangu wa kwanza nilimfinyanga nimekaa kibarazani kwangu, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, nikajiona fundi, nikampeleka kwa mzee mmoja wa Sikonge anayerina tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamwekea sanamu kiganjani. Aliigeuza, akaigeuza tena, akacheka mpaka akafuta macho. "Mjukuu wangu, huyu anakwenda harusini." Nilikuwa nimemvalisha viatu. Kienge amekishika juu ya kichwa chake mwenyewe, cheche zimwangukie. Mzinga nimeusimamisha mdomo juu kama ndoo ya maji. Nilirudi nikafinyanga upya siku nne. Mnunuzi wa Osaka asingejua tofauti. Lakini babu alishanionyesha, na baada ya hapo sikuweza kumuuza yule wa viatu.

Mambo mawili ya kufinyanga vitu vidogo. Mikunjo ya nguo, kope, magamba ya gome, vyote vichonge kwa kina kuliko vilivyo, kwa sababu rangi itajaza nusu yake. Na chochote chembamba chini ya milimita moja kitavunjika kwenye rezini. Kamba ya kweli ya milimita 12 ikiwa kwa 1:12 inakuwa milimita moja kamili. Mimi niliifanya moja na nusu, na hakuna aliyelalamika.

Malizia kwa brashi laini iliyochovywa kidogo kwenye tapentaini, dirisha likiwa wazi.

Kukata: hapa ndipo unapolipwa

Bonyeza dole gumba kwenye tonge la ugali, ulitoe wima. Shimo linabaki safi. Sasa bonyeza tena, likunje dole ndani, kisha vuta: tonge linapasuka. Kalibu nayo ni hivyo hivyo. Popote umbo linapojikunja nyuma na kuizuia kalibu kutoka, mimi napaita mkwamo. Chini ya kidevu, kwapani, nyuma ya sikio, katikati ya kienge na uso. Silikoni ni mpira, itasamehe mkwamo mdogo kwa kujinyoosha. Kalibu ya chuma haisamehi hata mmoja, na kuta za kipande kinachokwenda kiwandani lazima ziwe na mteremko kidogo, kama ndoo zinavyokuwa ili zipachikane na kuachana.

Kwa hiyo unakata sanamu mpaka kila kipande kiwe na njia ya kutoka. Kata mahali ambapo jicho linategemea mstari: kwenye mkanda, ukingo wa mkono wa shati, shingo ya nguo. Usikate katikati ya paja lililo wazi, kwa sababu mnunuzi atalisugua kwa msasa wiki nzima akikulaani. Mrina wangu alitoka vipande saba: kichwa, kiwiliwili pamoja na mguu mmoja, mguu wa pili, mkono wa kamba, mkono wa kienge, mzinga, na tawi.

Kila kiungo kiwe na kigingi na tundu. Kigingi cha mviringo huzunguka, basi tumia cha mraba au chenye pembe tatu. Tena vigingi vitofautiane ukubwa, ili mkono wa kulia usikubali kuingia kushoto hata mtu akilazimisha.

Seti kubwa kuliko zote ninazozifahamu iko mwisho wa reli yetu, Kigoma. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaungwa upya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na kushushwa majini mwaka 1915. Mafundi wa Kigoma hawakuwa na namna ya kurudisha kipande Papenburg kwa sababu hakiingii. Mnunuzi wako naye atakuwa mbali hivyo. Unganisha seti yako yote bila gundi, iangushe mezani, iunganishe tena gizani ukiweza, ndipo ugeukie kalibu.

Kalibu

Silikoni ya kalibu huagizwa Dar es Salaam, inakuja na kigandishi chake, na kipimo kimeandikwa kwenye kopo. Ipime kwa mzani, usikadirie. Zipo za aina mbili kubwa: inayogandishwa kwa bati na inayogandishwa kwa platinamu. Ya platinamu haisinyai sana, lakini ikikutana na udongo wenye salfa haigandi, inabaki ute. Anayeanza achukue ya bati.

Jenga kisanduku, zika kipande nusu kwenye udongo laini, bonyeza vishimo pembeni ili pande mbili zijue kukaa pamoja, mwaga silikoni kama uzi mwembamba kutoka pembe moja ili isukume hewa mbele yake. Ikiganda, pindua, ondoa udongo, paka mafuta ya mgando kwenye silikoni yote iliyo wazi, mwaga upande wa pili. Ukisahau mafuta, silikoni itashikana na silikoni, na utabaki na tofali la mpira lenye mtoto wako ndani. Mimi nililipata tofali hilo mara mbili.

Huna pesa ya silikoni? Kuna njia ya kujifunzia. Nunua silikoni ya tyubu kwa mafundi wa madirisha ya alumini, ile yenye harufu kali kama siki, uikande na konflawa mpaka isinate mkononi, kisha ibonyeze juu ya kipande. Inaganda haraka. Haishiki uzuri wa kope, lakini kwa mzinga na tawi inatosha kabisa.

Acha mdomo wa kumwagia sehemu ya chini ya kipande isiyoonekana, na vijia vya hewa kila mahali pa juu panapofungika: ncha ya kidole, ncha ya pua, ncha ya kienge. Hewa hupanda, na isipopata mlango hukaa palepale na kula kidole.

Kumwaga rezini

Seti nzuri humwagwa kwa rezini ya poliyurethani, ambayo ni vimiminika viwili vinavyochanganywa na kuganda kwa dakika chache. Wengi huku kwetu wanachopata ni rezini ya poliesta ya mafundi wa fibaglasi. Inafaa kuanzia, ila inanuka, inasinyaa, na haitaki papara. Ikiwa imekuja na kiongeza kasi na kigandishi katika chupa mbili, usivikutanishe hivyo viwili peke yao hata tone, hulipuka. Changanya kimoja kwanza na rezini, ndipo cha pili.

Pakaza poda ya talki ndani ya kalibu, kung'uta inayozidi. Poda huisaidia rezini kutambaa hadi kwenye pembe ndogo, na utaona mapovu yanapungua nusu. Mwaga polepole, gonga kalibu mezani, minya kidogo, acha.

Unaposugua nakala, tumia msasa wa maji na uloweshe kipande. Vumbi la rezini usilivute, vaa barakoa. Na usifanyie kazi hii jikoni kwa mama.

Neno kuhusu watoto wadogo: seti hizi si zao. Kipimo kinachotumika kimataifa kwa vitu vya watoto wa chini ya miaka mitatu ni mrija wenye upana wa milimita 31.7, kipande kinachozama chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Kichwa cha milimita 19 kinazama. Andika juu ya boksi.

Na kompyuta?

Leo sanamu mama nyingi za viwanda huchongwa kwa kompyuta. ZBrush ndiyo programu inayotajwa zaidi na wenye kazi, Blender ni ya bure na inafika mbali. Faida yake kwetu ni kwamba faili halihitaji basi. Mtu anaweza kuchonga mtaani Isevya, hapa Tabora, usiku na faili likachapishwa na printa ya 3D Ulaya asubuhi. Hasara ni umeme, kwa hiyo hifadhi kazi kila robo saa. Kanuni za mkwamo, kigingi na milimita moja zinabaki zilezile, ila tundu liongeze upana kama milimita 0.2 kila upande, la sivyo kigingi kilichochapishwa hakitaingia.

Bado namshauri kijana aanze na nta miezi kadhaa. Wachongaji wa kompyuta waliowahi kushika kisu naweza kuwatambua kwa vidole vya sanamu zao. Wasiowahi, vidole vyao ni soseji.

Haki na malipo

Usichonge shujaa wa sinema ya mtu ukamuuza. Ana mwenyewe, na mwenyewe ana mawakili. Kwenye Wonder Festival wenye wahusika hutoa ruhusa ya siku moja kwa wachongaji wadogo, siku ikiisha ruhusa imeisha. Kwetu chonga kilicho chako: mrina, mpiga ngoma, fundi baiskeli, mama muuza migebuka wa Kigoma. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi yako inalindwa tangu unapoiumba, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanasajili ili uwe na ushahidi. Piga picha zenye tarehe kila hatua.

Mteja akikupa kazi, kabla ya kugusa nta muandikiane: kimo, idadi ya vipande, marekebisho mangapi ni ya bure, nakala ngapi atatoa, nani anabaki na sanamu mama. Omba nusu mbele. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nilikubaliana bei kwa mdomo, mteja akarudisha kichwa mara sita, kila mara "kidogo tu". Kwa hesabu ya siku nilizotumia, mwenye toroli la maji alinizidi. Sasa marekebisho mawili ni ya bure, la tatu lina bei.

Kusafirisha

Sanamu mama ya nta haisafiri mchana. Niliwahi kuiweka moja kwenye buti la basi la Dar mwezi wa kumi, ikafika imepiga magoti. Ukiweza, tuma nakala ya rezini badala yake, au peleka mwenyewe. Ikibidi nta iende, kila kipande kikae peke yake ndani ya kopo lenye pamba, makopo yawekwe kwenye boksi jeupe la povu gumu la kuhifadhia samaki, na chupa mbili za maji yaliyoganda zifungwe nailoni mara mbili na kupangwa pembeni. Zisiguse makopo, maana baridi ya ghafla huipasua nta kama jua linavyoilegeza. Safiri na gari la usiku, na mpigie mpokeaji alifungue boksi kivulini siku hiyohiyo.